Mlango wa Chumba cha Kushoto

Daktari Karenzi aliibandika filamu ya eksirei kwenye kioo cha dirisha, akaishika kwa viganja viwili, na mlima uliokuwa nje ukatoweka. Zikabaki mbavu, na katikati ya mbavu kivuli kinene ambacho hakikutakiwa kuwa kinene hivyo. Alitamani aseme tu kwamba mashine ya Goma, ng'ambo ya mpaka, ni mbovu.

“Keti, mama,” alisema.

Saidati alikuwa ameshaketi. Aliyesimama ni pacha wake, Verediane, mja mzito wa miezi minane, miguu imevimba ndani ya kandambili, mkononi kikapu cha viazi vya Bugeshi vya kumshukuru daktari. Walifanana uso, basi. Mmoja alikuwa mifupa mitupu ndani ya mtandio mweusi. Mwingine kitenge kilikuwa hakimtoshi.

Karenzi alikulia Tanzania, na Kinyarwanda chake kilimkwama kwenye mambo mazito. Hayo aliyasema kwa Kiswahili, na mwaka huo wa tisini na nane Gisenyi haikuwa na mambo mepesi.

“Kifua ilianza kumuuma siku tulizika bwana yake,” Verediane alisema. “Walimuua ku barabara ya Ruhengeri. Toka pale hakuli, halali. Ametoka eda juzi tu, Munganga, ata jua inamuchoma macho.”

Alisema yeye kwa sababu Saidati alikuwa mtu wa kusemewa tangu utotoni. Kwa mwalimu, kwa konseye wa mtaa, kwenye foleni ya unga, Verediane ndiye aliyetangulia mbele. Watu walishazoea.

Karenzi alichora moyo nyuma ya karatasi ya dawa. “Una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini. Damu safi inatoka mapafuni, inaingia chumba hiki cha juu kushoto, inapita mlangoni, inashuka hiki cha chini, na hiki ndicho kinachoisukuma mwili mzima. Sasa mlango huu umekakamaa, kama wenye bawaba zilizoota kutu. Damu inakwama, chumba cha juu kinavimba, mapafu yanalowa.”

“Nini iliuharibu?” Saidati aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

“Homa ya utotoni. Ile inayoanzia kooni, halafu maungio yanavimba.”

“Tuliipata wote wawili!” Verediane alidakia. “Surua, malaria, yote tunagonjwa pamoja. Mi nilipona.”

“Ulaya wangeupasua na kuutengeneza. Hapa sina kitu.” Karenzi alijichukia kwa jinsi alivyolisema hilo, kama mtu anayetaja bei ya sukari. “Asibebe mizigo. Asipande vilima. Na mimba asishike kabisa. Mimba inaongeza damu, na mlango hauipitishi. Moyo wa namna hii ukifikishwa kwenye uchungu wa kuzaa, unasimama.”

“Bwana yake alikufa, mimba itatoka wapi?” Verediane alicheka, na hapo hapo kicheko kikageuka kilio. Pumzi zikamkatika. Saidati aliinuka ampishe kiti.

“Kaa, we ndio mugonjwa,” Verediane alimsukuma arudi chini. “Mi ni mutoto tu ananibana.”

Saidati hakulia. Kusema kweli, habari ile ilimpunguzia kitu. Miezi yote ya eda alikuwa akimwomba Mungu amchukue, na sasa aliona amesikiwa. Kilichomkaba ni Sano, mwanawe ambaye hata shule alikuwa hajaanza.

“Yaya,” alimwambia pacha wake, kama aitwavyo dada mkubwa, “Sano utamulea?”

“Atakuwa wa kwangu. Atakula na wangu, atalala na wangu. We usiogope.”

Hasira ilimpanda Karenzi, hasira isiyo na mtu wa kumwangukia. Kwa kimlango kidogo kama hicho mtoto mwingine anabaki yatima, katika mji uliojaa yatima tayari.

Muuguzi akaingia na stetoskopu. Ilikuwa moja kwa jengo zima, na tangu asubuhi ilikuwa kwa askari waliojeruhiwa. Karenzi hakuona tena haja nayo, filamu ilikuwa imeshasema. Lakini aliona aibu kumrudisha mtu nyumbani akafe bila hata kumgusa.

Verediane alivuta pazia. Saidati alilegeza mtandio, macho ukutani. Daktari akaweka chuma chini ya titi la kushoto, akasubiri mngurumo. Akakihamisha. Akamlaza ubavu, akasikiliza tena, akamaliza mgongoni. Milango yote ilikuwa ikijifunga kwa zamu yake, safi, bila mkwaruzo, na mapafu yalikuwa makavu.

“Moyo huu ni mzima,” alisema polepole. “Huumwi, mama. Una majonzi.”

Kikapu kilimponyoka Verediane, viazi vikatawanyika chini ya kitanda. “Mana yanjye! Mungu wangu!” Alimkumbatia pacha wake, akacheka, akahema, akaegemea ukuta mpaka pumzi zikamrudia. Saidati alimtazama tu, kama mtu aliyenyimwa kitu alichokuwa ameshaahidiwa.

Karenzi hakucheka. Aliichukua tena filamu. Pembeni palikuwa na jina la Saidati na tarehe ya mwezi uliopita.

“Siku ya kupiga picha hii kule Goma,” aliuliza, “nani alisimama mbele ya mashine?”

“Ni mimi, Munganga,” Verediane alisema, uso ungali umejaa furaha. “Yeye alikuwa ndani ya eda, angetoka namna gani? Bon, ata kitambulisho yake iko na picha yangu, na hakuna askari alishasema kitu.”