Kucha Nyeupe

Ilikuwa mechi ya futiboli ya Kimarekani; wapinzani walibakiwa na yadi mbili tu wafunge, na wakifunga, msimu mzima wa chuo umekwenda na maji. Kocha alikuwa akipiga kelele pembeni: "Zibeni katikati! Wanapita katikati!"

Tavion aliinama, uso kwa uso na pande la mtu aliyesukumana naye tangu mechi ianze.

"Sasa nakupita juu ya tumbo, kibonge," jamaa akasema.

"Karibu. Tangu mchana unabisha hodi tu."

Ndipo Tavion alipoviona vidole vya jamaa. Mechi nzima, jamaa akitaka kusukuma, alivikita nyasini mpaka kucha zikawa nyeupe. Sasa viligusa majani kidogo tu, kama vya mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Huyu hakuwa anakuja mbele. Alikuwa anajiandaa kumkinga mrushaji wao, ili mpira upite juu badala ya katikati.

"Achana na katikati," Tavion akamnong'oneza mwenzake. "Wanarusha."

"Kocha atatuua!"

"Atatubusu."

Jamaa akayafuata macho ya Tavion mpaka kwenye vidole vyake mwenyewe. Haraka haraka akavikandamiza, kucha zikawa nyeupe pe.

Tavion akacheka. Mpira uliporushwa, mikono yake ilikuwa imeshafika juu, inaungoja.