Sanduku Lisilokauka

Mweka hazina alifunga mlango kwa kisigino, akafungua sanduku la chama na kutumbukiza humo noti zake mwenyewe, haraka haraka. Mwaka wa tisa huu. Mwizi gani huyu, anayenyata ili aache hela?

Mumewe alipofariki, wenzake wa chama cha wazima moto wa kujitolea walimkabidhi daftari. Tangu hapo, kila siku ya kufunga hesabu, daftari husema hivi, sanduku husema vile, na sanduku ndilo lenye upungufu. Mwaka wa kwanza pengo lilikuwa dogo. Bei za vitu zilipopanda, nalo likapanda, kana kwamba hata ujinga wake unafuata soko. Alihesabu kwa vidole, kwa punje za maharage, kwa vifungo vya makoti aliyokuwa akiyashona. Wapi. Darasa la saba lenyewe alilivuka kwa huruma ya mwalimu.

Basi akawa anaziba kimya kimya, na sifa anazila yeye. "Mkono wa shemeji una baraka," mwenyekiti hupenda kusema. "Tunachota, sanduku halikauki."

Lakini leo chama kilitaka kukopa kinunue pampu mpya, naye ndiye wa kutia sahihi kwamba hesabu ni safi. Akiapa uongo, kisha pengo limshinde kuziba, pampu itachukuliwa na nyumba za watu zitaungua kwa ajili ya kichwa chake kigumu. Mkutano ulipoanza akasimama, daftari kifuani.

"Jamani, nipokonyeni kazi hii. Kujumlisha sijui. Kila mwaka nawapotezea hela, halafu naziba."

Dereva wa gari la maji alikohoa. Mwenyekiti, mwenye ufunguo wa pili wa sanduku, aliinamia buti zake kama aliyeona zinafuka moshi.

"Unaziba kwa hela gani, shemeji?" mwenyekiti akauliza.

"Pensheni ya marehemu, shemeji. Hiyo unayoniletea kila mwisho wa mwezi. Naiweka yote kwa kazi hiyo. Mimi nakula kwa cherehani yangu."

Yule mshika mipira ya maji aliacha kutafuna.

"Shemeji," mwenyekiti akasema taratibu, akiutoa mfukoni ule ufunguo wake wa sanduku, "mumeo alijitolea, kama sisi. Wa kujitolea tangu lini akalipwa pensheni?"