Viganja vya Chaki

Zamda aliteremka tumboni mwa meli kufunga minyororo ya winchi kwenye makasha. Kwenye hati iliandikwa ni vipuri vya matrekta, lakini ubavuni pa kasha la kwanza palichorwa viganja viwili kwa chaki, kila kimoja na jina la bandari ya mbali.

Aliitambua mara moja. Ndiyo alama waliyokubaliana kwa barua, makuli wa nchi saba wasiowahi kuonana: humu mna silaha, sisi tumekataa kuzishusha.

"Funga, tumechelewa!" msimamizi alifoka kutoka juu.

"Sifungi, bwana. Wenzangu wamekataa, nami nakataa."

"Wenzako gani? Uko peke yako humo!"

Zamda alicheka hadi akashika mbavu. Akabandika kiganja chake chini ya vile viwili, akakizungushia chaki taratibu. Huko juu winchi ikanyamaza, na makuli wakaanza kuteremka ngazi, kila mmoja akiiomba ile chaki.

Alasiri meli iling'oa nanga na shehena yake yote. Viganja vilikuwa vimejaa ubavu mzima wa kasha, isipokuwa pembe moja waliyoiachia bandari inayofuata.