Mstari wa Mita Tatu

"Kimepita, Baba!" Kigelegele cha Boitshepo kilimezwa na sponji za kuta za chumba changu cha kupimia mawimbi. Kwenye skrini, mawimbi ya kifaa chake cha kulinda pumzi za vichanga yalikuwa chini ya mstari wa kikomo.

Hapo ndipo nilipoona. Antena ilisimama mita kumi kutoka kwenye kifaa. Mstari ulikuwa wa mita tatu, uliobaki kwenye skrini tangu mteja wa asubuhi, na kwa mawimbi yaliyofifia kwa umbali wa mita kumi, huo husamehe mengi.

Muhuri wa kukiidhinisha kifaa ulikuwa mkononi mwangu. Nikamnyooshea ncha ya futi kamba. "Shika, mwanangu."

Aliivuta hadi kwenye antena, akasoma mita kumi, akageukia mstari kwenye skrini. Utepe ukatetemeka kati yetu.

"Kingevuruga mashine zote za wodini," akanong'ona.

Nikauweka muhuri kando. Boitshepo tayari alikuwa amekigeuza kifaa chake:

"Mwambie Mama atufunikie chakula, tutachelewa. Nipe bisibisi."