Kitenge cha Ndoa

Siku ya nne baada ya upasuaji, Yolande alitoa upepo kwa mara ya kwanza, na wodi nzima ya wanawake ikampigia makofi.

"Matumbo imeamuka, maman," muuguzi alisema. "Leo utakunywa uji."

Daktari alikuwa ameondoa kipande cha utumbo chenye vidonda kupitia matundu manne madogo. Yolande aliyagusa polepole, akitamani mumewe angekuwapo asikie. Lakini mume alikuwa ametuma neno kwamba waasi wamefunga barabara ya kutoka Cimpunda, mtaa wao.

Wakati huo wifi yake aliingia, akitokea Cimpunda kwa miguu, kwa barabara ileile. Alipomwona mgonjwa ameketi, alisimama ghafla. Kiunoni alikuwa amefunga kitenge cha ndoa cha Yolande, ambacho kwao hutolewa sandukuni na kugawiwa ndugu baada ya mazishi tu.

"Nani alikupa?"

"Kaka. Alitugawia vitenge yako yote juzi," wifi alinong'ona. "Alisema docteur ameshindwa, hautarudia tena ku nyumba."

"Docteur alimwambia vile?"

"Hapana, maman Yolande. Hakumuuliza."

Yolande alinyoosha mkono.

"Uivue," alisema.