Jiwe la Mama wa Ziwa

Maji ya barafu yalimfika Lhaden kiunoni. Kwa miezi mitatu sasa, yeye na wenzake walikuwa wakitoa mawe mferejini kwa mikono, ili ziwa la juu mlimani lipungue kabla halijapasua ukingo na kuzoa vijiji vya bondeni.

Jiwe moja kubwa liliziba njia. Lama, kasisi wa Kibudha, alikuwa amelifunga kitambaa cheupe: kiti cha Mama wa Ziwa, mzimu wa maji yale, kisiguswe.

“Hilo siligusi,” alisema mnyapara. “Nina wajukuu mimi.”

“Wajukuu zako wanakaa mjini, mzee. Wanangu wanakaa kando ya mto huu.”

Kwa vidole vilivyokufa ganzi, Lhaden alikifungua kitambaa, akajifunga shingoni.

“Mama wa Ziwa akikasirika, anajua wa kumfuata.”

Mnyapara akaokota mtaimbo.

Jua lilipotua, jiwe lilikuwa limesogea upana wa kidole.