Rudia Kwanza, Jibu Baadaye

"Umesema," mwanamke wa kiti cha dirishani alianza, "kwamba mtu akiomba msamaha mara moja akanyimwa, hana la kufanya zaidi. Nimekuelewa?"

"Umenielewa," fundi saa alijibu.

Ndiyo iliyokuwa kanuni ya baraza lao la Alhamisi alasiri, katika chumba cha nyuma cha maktaba. Kabla hujampinga mwenzio, unairudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kwamba umeitendea haki. Mkutubi aliyeliongoza alikuwa mkali kwelikweli. Majina hayatajwi, kazi hazitajwi, na mambo ya nyumbani yanaachwa mlangoni, ili hoja ipimwe yenyewe.

Wengine walikuja kunoa akili. Fundi saa, tuseme ukweli, alikuja kumsikia mwanamke mmoja. Mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, kila Alhamisi anafunga kibanda mapema, ananyoa ndevu, anawahi kiti kinachomkabili. Siku nyingine zote alizungumza na saa za watu, na saa hazina mazungumzo. Upweke ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Lakini hapa mwanamke yule alimjibu. Alirudia maneno yake moja baada ya jingine bila kuyapunja, hata yale ya kijinga. Tangu lini mtu alikuwa amemsikiliza hivyo?

"Basi napinga," mwanamke alisema. "Huyo aliyeomba, aliomba kwa maneno gani?"

"Alisema, nisamehe, yaishe."

"Hata mimi huomba hivyohivyo," fundi bomba akadakia, wenzake wakacheka. Mkutubi akamkata jicho.

"Yaishe kwa nani?" mwanamke aliuliza. "Aliyeumizwa hakutajiwa kosa. Ameambiwa tu asiliongelee tena, naye haliongelei."

Sasa ilikuwa zamu ya fundi saa kurudia.

"Umesema kwamba hakuombwa msamaha. Aliombwa kunyamaza."

"Ndivyo."

"Na kwamba bado anasubiri kuombwa."

Mkutubi aliinua kidole. "Hilo la mwisho hakulisema."

Mwanamke alitazama nje ya dirisha. Chini barabarani mtu alikuwa akipakia magodoro kwenye gari.

"Mwache," akasema. "Amenielewa."

Mkutubi alitazama saa ya ukutani, akafunga daftari. Alikuwa na tangazo, na hakulizungusha. Kuanzia Jumatatu chumba hiki kingekuwa stoo ya kompyuta, na uongozi haukuwa na chumba kingine. Baraza limefikia mwisho. Aliwashukuru, akawaomba wapange viti ukutani.

Fundi saa alibeba viti viwiliviwili bila kujua anavipeleka wapi. Alijijua. Nje ya chumba kile, bila mkutubi na bila kanuni, alikuwa bubu. Mwezi uliopita alijikakamua akamsemesha mwanamke yule kwenye ngazi za maktaba, na kilichomtoka mdomoni ni habari za mvua. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akapita zake. Alhamisi ijayo angeisikia wapi sauti ile?

Akamwacha atangulie, kama siku zote, watu wasije wakapata la kusema. Alisubiri mpaka mwanamke alipokata kona kwenye duka la dawa. Kisha naye akaondoka taratibu, akitafuta maneno. Kila aliyoyapata aliyaona mepesi, akayatupa. Fundi bomba alimpita kwa baiskeli, akampigia kengele, akamtakia jioni njema. Hakumwitikia.

Alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, akafungua kwa ufunguo wake. Mezani palikuwa na sahani moja iliyofunikwa. Mkoba wa mwanamke wa dirishani ulikuwa umening'inia nyuma ya kiti.

Fundi saa hakuketi. Alikwenda hadi kwenye mlango wa chumba cha kulala, uliofungwa kwake mwaka wa pili sasa, akabisha, akamwita mke wake kwa jina.